Jumamosi nane: kikundi cha ushauri kwa waliomaliza kidato cha nne, Nairobi

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market, mwaka wa kumi na saba sasa. Mtu wa kazi yangu hahitaji kalenda ili ajue KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, imeisha. Kuanzia mwisho wa Novemba wasichana huanza kuingia wawili wawili, nywele za shule zikiwa fupi mno hata vidole havizishiki, na kila mmoja ana picha kwenye simu ya vile anavyotaka kusukwa. Nikiwaambia nywele bado hazijafika, wanasihi, "Anti, jaribu tu." Miaka minne wamekuwa wakiambiwa wanyoe.

Mwaka 2024 binti yangu naye alimaliza, kifungua mimba wangu. Nilikuwa nimemwekea nywele za kusukia tangu Oktoba, rangi aliyoichagua mwenyewe akiwa kidato cha tatu, nimezifunga kwenye mfuko mweusi chini ya meza ya kazi. Desemba ikaisha hajaziulizia. Nikadhani ni uchovu wa mtihani.

Naandika kuhusu kikundi cha ushauri nasaha kilichotushika mkono baadaye, kwa sababu najua wazazi wengi wako pale nilipokuwa, na wengi hawajui kwamba kitu kama hiki kipo. Binti amesoma kila mstari, na alipokataa nimefuta. Mshauri wa kikundi naye aliniomba nisitaje jina lao wala ukumbi, maana watoto wanaoonekana wakiingia pale Jumamosi wanajulikana mtaani. Nitasema tu kwamba ni ukumbi wa kanisa, si mbali na Barabara ya Mbagathi, na kwamba hakuna aliyeulizwa dini yake.

Matokeo yalitangazwa Alhamisi, Januari 9, 2025. Nilikuwa na mteja, nimefika nusu ya kichwa. Nyumbani binti aliingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, akaangalia, kisha akanitumia ujumbe wa herufi moja: C. Hapakuwa na jumlisha mbele yake wala neno jingine. Kila anayeishi Kenya anajua uzito wa jumlisha hiyo. Ukiwa na C+ unaweza kuomba shahada ya chuo kikuu. Ukiwa na C, watu wanaanza kuzungumza nawe kwa sauti ya matanga.

Jioni ile nilihesabu simu tisa. Kaka yangu kutoka nyumbani, shemeji, jirani wetu wa zamani, mama wa rafiki yake. Wote walikuwa na swali moja, "Amepata ngapi?" Hakuna aliyeuliza kama amekula. Kaka alisema arudie mtihani, tena shule ya bweni ya mbali. Mwingine alisema anamjua mtu anayepeleka wasichana kufanya kazi Ghuba. Na mimi, simu ikiwa sikioni, nilisema, "Hata sijui alikuwa anafanya nini huko shuleni." Chumba chake na sebule yetu vimetenganishwa na mbao. Alisikia.

Kuanzia siku ile alilala mchana na kukesha usiku. Aliacha kwenda dukani, akaacha kwaya. Nikimwita aliitika, "Naam mama," halafu hatoki. Chakula nilikikuta kimefunikwa vilevile nilivyokiacha. Mwisho wa Januari mikono yake ilikuwa imekonda hivi kwamba saa yake ya mkononi ilikuwa inateremka hadi kwenye kiganja. Ukimuuliza kinachomsumbua alikuwa na jibu moja tu: amechoka kuulizwa.

Nilijaribu njia nyingine kwanza. Shuleni kwake kulikuwa na mwalimu wa ushauri nasaha, lakini huyohuyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu, na binti aliniambia wazi kwamba hawezi kumfungulia moyo mtu aliyemzoea akiwa ameshika daftari la makosa. Kisha nikalipa KSh 3,500 kwa saa moja kwa bwana mmoja mwenye ofisi nzuri. Sehemu kubwa ya saa hiyo aliitumia kusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyopanda ngazi kutoka umaskini. Binti alitoka pale amenyamaza kuliko alivyoingia. Ni mteja wangu, muuguzi, aliyeniambia kuhusu kikundi cha Jumamosi huku kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Hiki ndicho nilichokikuta. Vijana kumi na wawili, wa miaka 17 hadi 20, wote wamemaliza kidato cha nne, wasichana tisa na wavulana watatu. Jumamosi nane, kuanzia Februari 8 hadi Machi 29, saa nane mchana hadi saa kumi. Viti vya plastiki vimepangwa duara, hakuna meza katikati. Mlangoni kuna kikapu cha kiondo, kila simu inaingia humo ikiwa imezimwa. Wanaoongoza ni wawili: mama mmoja wa makamo ambaye ni mshauri nasaha aliyesomea, na kijana wa miaka 23 anayemsaidia. Kwa zote nane nililipa KSh 4,000, kwa M-Pesa, mara nne za elfu moja moja. Wawili katika kikundi hawakulipa kitu, na watoto wenzao hawakujulishwa ni nani.

Jambo la kwanza nililomuuliza yule mama ni leseni, kwa sababu nilikuwa bado na uchungu wa zile 3,500. Hakukasirika. Alinionyesha cheti na kunieleza kwamba kazi hii ina sheria yake tangu 2014, yenye bodi ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia, na kwamba mzazi ana haki ya kuuliza. Mtu akiona haya kuulizwa hilo, mchukue mtoto wako urudi naye nyumbani.

Jambo la pili lilinichoma kidogo. Binti alikuwa ametimiza miaka 18, kwa hiyo fomu aliitia sahihi yeye mwenyewe. Mshauri aliniambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba atakayoyasema ndani ya duara yatabaki mle. Siri hiyo itavunjwa tu kukiwa na hatari: mtoto anataka kujidhuru, anataka kumdhuru mwingine, au kuna mtoto anayedhulumiwa. Mengine yote ni yake. Mimi ndiye ninayelipa, nilisema. Akanijibu, "Mama, unalipia apate mahali pa kusemea. Ukitaka na wewe usikie, hataweza kusema." Nilikaa na jibu hilo wiki nzima kabla halijaniingia.

Jambo la tatu lilikuwa yule kijana. Miaka 23, ndevu bado zinachipuka, atamshauri nani? Nilidhani amewekwa ili kupunguza gharama. Mshauri alinieleza kwamba hapahapa kwetu kuna watu waliolijaribu jambo hili kwa utafiti: shirika la Shamiri liliwaweka vijana waliomaliza shule hivi karibuni, wakapata mafunzo mafupi, waongoze vikundi vya wanafunzi wa sekondari mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa 2021, wanafunzi 413 kutoka shule za Nairobi na Kiambu, na dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wale wa vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Sikusadiki papo hapo. Nilisadiki baadaye binti aliponiambia kwamba kijana huyo aliwahi kupata D+ na kwamba, wiki ya pili, alilisema hilo kama mtu anayetaja mtaa alikozaliwa. Binti hakuwahi kumsikia mtu mzima akitaja gredi ya chini bila kuinamisha kichwa.

Wanachofanya mle ndani najua kwa vipande tu, vile alivyochagua kunipa. Najua wiki ya pili kila mmoja alichora maisha yake kama mto kwenye karatasi kubwa: penye maji mengi, penye mawe, penye maporomoko. Mto wake ulikuja nyumbani, uko kwenye ukuta wa chumba chake. Kuna jiwe moja kubwa jeusi mahali pa Januari, na kando yake ameandika kwa penseli, herufi ndogo, maneno yangu ya ile simu. Niliyasoma siku moja nilipoingia kufagia. Nilikaa kitandani kwake ufagio ukiwa mkononi hadi jua likatoka dirishani.

Najua pia habari ya viti, na hii ameniruhusu niisimulie kwa urefu kwa sababu anasema hapo ndipo kitu kilipolegea ndani yake. Wiki ya tatu mshauri aliwaambia wasimame wote kumi na wawili nyuma ya viti vyao. Akawaambia kwamba mtihani wa 2024 ulifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ kwenda juu ni 246,391. Kisha akawaomba watatu wakae, wowote wale, wasitaje gredi. Watatu wakakaa, tisa wakabaki wima. "Hivi ndivyo nchi ilivyo," akasema. "Katika kila wanne, mmoja ndiye aliyekaa. Mnaosimama, angalianeni." Binti anasema waliangaliana muda mrefu. Tangu Januari alikuwa ameamini kwamba yuko peke yake upande ule wa mlango. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba upande ule ndiko waliko wengi, na kwamba wana nyuso, na mmoja wao ana kicheko kikubwa na mwingine anatoka ploti ya pili kutoka yetu.

Baadaye ndipo alipojua kuwa mvulana mmoja pale alikuwa na A-. Nilishangaa, huyo naye anatafuta nini? Anatafuta karo. Alitaka udaktari, na tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, familia hupangwa katika madaraja kulingana na kipato, na ukipangwa daraja lisilokufaa unabaki na pengo ambalo mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hauzibi. Baba yake anaendesha bodaboda. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamwita daktari, na yeye usiku halali akipiga hesabu. Binti yangu aliniambia, "Mama, nilikuwa namwonea wivu, halafu akalia." Kumchanganya mwenye A- na mwenye D katika duara moja ni jambo ambalo mimi nisingethubutu, na naona sasa ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote.

Wiki ya nne, Machi 1, ilikuwa siku ya wazazi. Watoto walikaa chumba cha nyuma na yule kijana, sisi tukaingia kwenye duara lao, simu zetu kikapuni. Tulikuwa kumi na mmoja, wanaume watatu. Mshauri hakutuhubiria. Alisema, "Kila mmoja atuambie habari za mtoto wake kwa dakika moja. Usitaje shule, usitaje gredi, usitaje kazi atakayofanya." Akashika saa.

Mama wa kwanza alisema, "Binti yangu ni mtoto mzuri, ana nidhamu, alikuwa prifekti..." akanyamaza, kwa sababu hiyo ni shule. Wa pili akasema, "Anataka kuwa..." naye akanyamaza. Ukumbi ulikuwa kimya hadi tukasikia maji yakidondoka kwenye ndoo nje. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo na sikupata la kusema. Mimi, ninayeongea kutoka asubuhi hadi jioni, ninayejua habari za wateja wangu, wachumba wao na wakwe zao. Nilisema anaitwa nani, ana miaka mingapi, kisha nikatazama sakafu. Nilikuwa naweza kutaja alama zake za hisabati za mihula yote. Nilikuwa nimesahau anapenda nini.

Aliyetuokoa ni baba mmoja, dereva wa matatu, mtu mkubwa mwenye sauti nzito. Alisema, "Wangu anapenda ukoko. Tangu mdogo. Mama yake akisonga ugali yeye anakaa karibu na sufuria angojee ukoko, na lazima anivunjie kipande." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Tangu Januari hajaukwangua."

Hapo ndipo nami nikakumbuka. Binti akiwa na miaka kumi, draya yangu ya kibandani iliharibika, na nikamwambia fundi atakuja kesho. Nilitoka kwenda kununua nyuzi. Niliporudi nilimkuta amechomoa waya ukutani, ameifungua draya kwa kisu cha jikoni, na vipande vyote vimepangwa sakafuni kwenye gazeti, kwa mfuatano, kila skrubu mahali pake. Alikuwa ameona waya mmoja umeungua. Aliufunga kwa gundi ya karatasi, ambayo haikufaa kitu, lakini waya ndio uliokuwa wenyewe. Fundi alipokuja alishika hapohapo. Nilimchapa siku ile, kwa hofu ya stima. Hajafungua kitu mbele yangu tena. Yote hayo niliyasema kwa zamu ya pili, na nilipita dakika, na mshauri aliiacha saa iende.

Katika kikao hichohicho mzazi mmoja aliuliza, akihangaika na maneno, kama mtoto akisema amechoka kuishi, si ni kumpeleka polisi? Swali hilo lilikuwa kwenye vinywa vya wengi wetu. Mshauri alieleza kwamba kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ndiyo maana familia nyingi zilificha, na kwamba Januari ya mwaka huuhuu wa 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Mtoto anayesema hivyo ni mgonjwa anayehitaji kushikwa, akasema, na asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Alitupa namba mbili za bure tuziandike: 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 kwa walio chini ya miaka 18. Akasema pia, na nalirudia kwa sababu ni muhimu, kwamba kikundi chake si mahali pa mtoto aliye katika hatari hiyo. Mtoto huyo anahitaji hospitali na mtu wake mwenyewe kwanza, kikundi baadaye. Msichana mmoja aliondolewa kwenye duara kwa sababu hiyo, mshauri akampeleka mwenyewe pamoja na mama yake, kisha akarudi kwenye kikundi wiki ya saba. Mama yake ndiye aliyetusimulia, kwa hiari yake.

Sasa kasoro, maana zipo, na niliwaambia ana kwa ana kabla ya kuziandika.

Hawaheshimu saa. Jumamosi mbili walianza saa tisa kasoro, na siku moja kwaya ya kanisa ilikuwa na mazoezi chumba cha pili na spika kubwa, watoto wakashindwa kusikizana. Mtu aliyejikaza wiki nzima ili aseme jambo moja, ukimpa saa moja badala ya mbili unaweza kumfanya alimeze tena. Ukumbi uko ghorofa ya kwanza na hakuna njia ila ngazi. Mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kufika. Wavulana watatu ni wachache mno. Wavulana wengine wanafanya vibarua Jumamosi mchana, kwenye mijengo na kwenye matatu, na kama hakuna kikao cha Jumapili au cha jioni hawatakuja kamwe.

Jambo la kozi nalo lilipewa nafasi ndogo. Namwelewa mshauri anaposema kazi yake si kumchagulia mtoto masomo. Lakini wasiwasi wa hawa watoto nusu yake ni kutojua. Wiki ya mwisho mwalimu mmoja alikuja akazungumza kwa nusu saa tu, na katika nusu saa hiyo binti yangu alisikia mambo ambayo miaka minne ya shule haikumwambia: kwamba kwa C- unaingia diploma ya chuo cha ufundi, kwa D unaanza na cheti, na kwamba kutoka diploma unaweza kuendelea hadi shahada. Alirudi nyumbani amekasirika, hasira nzuri, ya mtu aliyefichwa kitu. Hiyo nusu saa ingekuwa Jumamosi nzima, tena mapema, wiki ya tano hivi, ili wapate muda wa kuuliza.

Na baada ya wiki ya nane kuna kikao kimoja tu, mwezi mmoja baadaye, basi. Wao wenyewe wameunda kundi la WhatsApp na wanaendelea kuonana. Kwa wengine hiyo inatosha. Yule mvulana wa A- nadhani alihitaji zaidi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka kwa ajili ya saa na ngazi.

Jumamosi ya sita, Machi 15, aliingia kibandani kutoka kikaoni, akakaa kwenye kigoda cha chini kati ya magoti yangu kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo, akasema, "Zile nywele bado ziko?" Nilizitoa chini ya meza. Mfuko ulikuwa na vumbi. Nilimsuka kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, matuta membamba yanayorudi nyuma, na katikati ya kazi, nikiwa siuoni uso wake, nilimwomba msamaha kwa ile simu. Alinyamaza kwa muda wa mistari miwili. Kisha akasema, "Kaza kidogo hapo kushoto." Baadaye akanipapasa goti.

Ameomba diploma ya uhandisi wa umeme kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Kaka yangu bado anasema arudie mtihani. Nimemwambia akitaka kujua habari za binti amuulize binti mwenyewe, na asianze na gredi.

Wakati huu tuna kazi nyingine. Karatasi zote wanazogawa pale ni za Kiingereza, hata zile za wazazi, na siku ile niliona akina mama wawili wakizikunja na kuziweka kwenye mkoba bila kusoma. Nilimwambia mshauri kwamba hilo si sawa. Akaniuliza kama naweza kusaidia. Kwa hiyo jioni, wateja wakiisha, mimi na binti tunatafsiri. Tumefika karatasi ya pili, na tumekwama kwenye sentensi inayomweleza mtu ambaye kila akitaka kupumzika, kosa lake linamrudia. Binti ameandika "kujilaumu". Mimi nasema haitoshi, tuandike kwamba nafsi inamsuta. Amekifuta cha kwanza, bado hajaandika cha pili.